Mistari Miwili ya Kombo

Walipokuja kuujenga upya uwanja wetu wa mpira pale Kigoma, injinia aliniuliza kwa nini kulikuwa na mistari miwili isiyoota nyasi, imetoka duara la kati ikaenda kombo hadi vyumba vya wachezaji. Alidhani ni bomba lililopasuka. Nikamwambia ni chokaa, na niliimwaga mimi. Chokaa ikizidi huunguza nyasi, na mtunza nyasi nilikuwa mimi.

Nyasi zile nilizipenda kuliko baadhi ya jamaa zangu. Uwanja niliukuta vumbi tupu. Miche tuliifuata bonde la Luiche, tukaipanda kwa mikono, na mbuzi wa watu wa mtaa wa Mwanga niliwafukuza kwa matusi. Kisha wakaja wakimbizi wa Burundi. Meli iliwatoa Kagunga, kijiji cha mpakani, ikawashusha mjini, na pa kusubiria mabasi ya kambini pakawa papo hapo, juu ya miche yangu. Niliumia, sifichi. Nikaamriwa nichore maboksi ya chokaa, kila basi na boksi lake. Kipaza sauti kikaonya kwamba atakayetoka kwenye boksi lake, basi litamwacha.

Jua likiwa kali nikamwona mama ameketi kwenye duara la kati, amempakata mtoto wa kike. Kuhara kulikuwa kumeingia, na mtoto yule alikuwa analia bila machozi. Wauguzi walishatuambia: ukiona hivyo, mwili umekauka, usingoje. Wao wenyewe walikuwa kwenye vyumba vya wachezaji, wamezidiwa na wagonjwa.

"Mama, mpeleke mtoto kule," nikamwambia.

"Oya, siendi, mzee. Kagunga nilitoka kwenye mstari kumtafutia maji, meli ikaondoka na baba yake. Basi la boksi hili ndilo linakwenda aliko."

Nikamwahidi kwa Kiha, ambacho Mrundi hahitaji mkalimani kukielewa, kwamba nitamshikia nafasi. Nilipojaribu kumchukua mtoto, akamkumbatia kwa nguvu zaidi. Mtoto akanyamaza, na ukimya ule ulinitisha kuliko kilio.

Nilipandwa na hasira, sijui za nani. Nikafuta upande mmoja wa boksi lake kwa kiatu, nikachukua kopo la chokaa, na bila kufunga kamba ya kunyooshea mstari, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, nikamwaga mistari miwili kutoka miguuni pake hadi mlango wa wauguzi.

"Boksi lako limefika mpaka kule," nikamwambia. "Tembea. Hujatoka."

Akaitazama chokaa, akanitazama, akainuka. Alikwenda polepole katikati, asiguse mstari hata kwa kidole, nami nilitamani kumsukuma.

Muuguzi akaanza kumnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari. Kijiko kikaingia, kikatapikwa. Akampa kingine. Nikatoka, kwa kuwa sikuweza kutazama.

Alasiri mabasi yakaanza kuunguruma. Nikaenda kusimama mbele ya lile la kwake. Dereva akanitukana, nikamrudishia yake na ya ziada, nikabaki palepale. Abiria wakapiga kelele. Mlango wa wauguzi ulikuwa bado umefungwa.

Ulipofunguka, mama akaja kwa njia ileile, katikati ya mistari, chupa ya maji mkononi, mtoto begani analia kwa sauti. Nikamgusa mtoto shavu. Lilikuwa limelowa.