Bei ya Kwenda Lizaboni

Msimu ule ulinigharimu jozi ya glavu, kuku mmoja na usingizi wa wiki sita. Nimehesabu mara mbili. Kuku ndiye pekee nisiyemjutia, kwa kuwa na mimi nilipata paja.

Golikipa wa chuo chetu alivunjika kidole gumba kabla ya nusu fainali, na kipa wa akiba hatukuwa naye. Mimi nahodha nikaenda kijiwe cha bodaboda, kwa dereva mmoja aliyekuwa akidaka mipira ya mtaani kama anachuma mapera. Alitaka tairi jipya la pikipiki. Nikamshusha mpaka kwenye glavu na kuku, nikampa kitambulisho cha kipa wetu, picha imefifia kiasi kwamba hata mwenyewe angejikana. Kwenye mpira mtu wa hivyo huitwa mamluki. Tukashinda kwa penalti.

Kesho yake nikakuta tangazo ubaoni: nahodha atakayechezesha mamluki atafukuzwa chuo. Nikalisoma mara mbili, halikubadilika. Mama alikuwa ameuza nguruwe wawili ili nimalize masomo. Nikarudi kijiweni kuvunja mkataba. Dereva akanijibu kwamba fainali atadaka: kuku kishaliwa, na paja nilikula mwenyewe.

Siku ya fainali kamisaa wa mchezo, mzee mpole mwenye miwani, alipita mstarini kukagua vitambulisho. Tukamwamkia pamoja, shikamoo yangu ilitoka bila sauti. Kwa kipa akasimama. Akamuuliza yuko mwaka wa ngapi, akajibu. Somo? Hisabati. Saba mara nane? Hamsini na sita, upesi kuliko mkufunzi wetu. Nikaanza kupumua. Mzee akamrudishia kitambulisho, akageuka kama anayeondoka.

"Kwenda Lizaboni bei gani?"

"Elfu moja, bosi. Mkiwa wawili, elfu na mia tano."

Nauli ya mtaa ule wa Songea ilimtoka upesi kuliko hamsini na sita. Kamisaa akanyoosha mkono, akakichukua tena kile kitambulisho. Hakumtazama kipa. Alinitazama mimi.

"Nahodha, mko wangapi?"

"Kumi na moja, mzee."

"Hesabu tena, mwanangu."

Nikahesabu. Safari hii nikamruka kipa.

"Kumi."

Beki akasimama golini, tukafungwa manne. Kamisaa akatia kitambulisho mfuko wa shati, akasema ataona cha kuandika. Wiki sita zilizobaki za masomo, kila karani aliyepita na bahasha alinifanya niwaone wale nguruwe. Nikamaliza chuo. Barua haijaja mpaka leo.

Sasa mimi ni mwalimu wa michezo, hapahapa Songea. Juzi nahodha wangu kaniletea kipa mpya, mwanafunzi wa kuhamia, ana mikono mirefu na kitambulisho chenye picha iliyofifia. Nahodha aliniamkia, midomo ikacheza, sauti sikuisikia. Picha nimeitazama mara mbili. Mechi ni Jumamosi. Nawaomba mnaosoma, hasa mliowahi kuwa kumi mkasema kumi na moja, mnishauri: nimuulize bei ya Lizaboni, au ninyamaze?