Vidole vya Fundi Kwenye Kioo

Kazi yetu mimi na Mama Vioo ni kufanya kioo kisionekane. Ndivyo msimamizi alivyotuambia siku ya kwanza pale kwenye jengo la ofisi, na tangu hapo tunasugua mpaka mtu apite asijue kama kuna kitu mbele yake. Wengi wameshagonga paji la uso mlangoni, nami nimewacheka sana, Mungu anisamehe. Ndege wakigonga hakuna wa kucheka. Asubuhi tunawakuta chini ya ukuta, chiriku, mbayuwayu, tetere, na juu kwenye kioo imebaki alama ya vumbi la mabawa yao. Mama Vioo huwazoa kwa kizoleo, huwatia kwenye mfuko, kisha hupanda kuifuta ile alama. Mimi nashika ngazi.

Zamani alikuwa akiwaonea huruma. Alimgeuza kila mmoja aone kama bado anapumua. Alipofiwa na mumewe aliacha. Msibani hakutoa chozi. Alipokea pole za watu kama karani wa posta anavyopokea vifurushi, na alipomaliza akauliza nani ataosha sufuria.

Mumewe alikuwa fundi vioo, na kila mtu alimwita Fundi, hata yeye mkewe. Hawa mafundi wana desturi yao: wakishaweka kioo kipya wanakipaka chokaa, watu wakione wasije wakajigonga kabla gundi ya pembeni haijashika. Wengi huchora msalaba mmoja mkubwa, wamemaliza. Fundi hakuutaka msalaba, alisema unalifanya dirisha la watu lionekane kama kosa la hesabu. Yeye alichovya vidole vinne kwenye kopo la chokaa akadonoa kioo kizima, juu mpaka chini, safu kwa safu, bila kuacha nafasi ya kupitisha kiganja. Unaona alama tatu zimenyooka na ya nne, ya kidole kidogo, imepinda kwa ndani. Kile kidole alikirithi kwa baba yake. Nilikuwa nikimtania kwamba wizi haumfai, atakamatwa kabla hajafika kona.

Kioo cha mwisho alichoweka kilikuwa cha nyumbani kwake, dirisha kubwa la sebuleni linalotazama mpera wa uani. Alikidonoa chokaa, akanawa mikono, akamwambia mkewe, "Kesho nitakufutia uuone mpera wako." Kesho yake hakuamka. Moyo, walisema madaktari.

Mama Vioo hakukifuta. Dirisha liko ndani ya baraza, mvua haifiki, na zile alama zikakaa. Majirani walisema mengi, maana macho hayana pazia: mwanamke anayeng'arisha vioo vya watu, kwake kuna madoa ya chokaa mwaka mzima! Mimi aliniambia mara moja tu, tukiwa tunasuuza matambara.

"Vile ni vidole vyake. Sina vingine."

Alisema kwa sauti ya mtu anayekwambia sabuni imekwisha.

Kuna jambo nililiona nilipokuwa namtembelea. Mpera ule hujaa ndege kutwa, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kugonga dirisha lile. Nikamwambia labda ni zile alama, labda wanaona kuna kitu.

"Labda," akasema.

"Basi na kule ofisini tungepaka kitu."

"Sisi tumeajiriwa kusafisha," akasema, akakamua tambara.

Ndipo akaja wifi yake, dada yake Fundi. Anaishi mbali, na tangu mazishi hakuwa amefika. Alikuwa amesikia kwamba wifi yake haongei wala hali vizuri, akafunga safari. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Alifika Ijumaa giza limeshaingia. Jumamosi asubuhi nilikutana na Mama Vioo dukani ananunua mkate, nikamsindikiza nyumbani.

Tulipoingia uani, wifi alikuwa barazani na ndoo, nguo ameifunga kiunoni, tambara begani, jasho na tabasamu. Dirisha lilikuwa limetakata. Mpera wote ulikuwa umeingia ndani ya kioo, na matawi, na mapera, na wingu lake juu.

"Wifi yangu, umechoka kusafisha vya watu," alisema. "Nikasema leo na mimi nikusafishie chako. Lilikuwa chafu hilo! Sijui ni mafundi gani walikuachia hivyo."

Nilimtazama Mama Vioo, nikasubiri.

"Asante, wifi," alisema. Akaingia ndani kukata mkate.

Tulikunywa chai sebuleni. Wifi alishika kikombe chake kwa vidole vitatu akasimulia habari za watoto, na Mama Vioo akawa anaitikia tu, "ehe, ehe," huku anapaka siagi mpaka pembeni kabisa ya mkate. Mimi nilikuwa na hasira. Nilitaka apige kelele, avunje hata sahani. Badala yake aliniuliza kama sukari imetosha. Nikasema imetosha, na hapo hapo kitu kikapiga kioo kwa kishindo mpaka chai ikamwagika.

Alikuwa tetere. Alilala kwenye sakafu ya baraza, shingo imelegea. Mama Vioo alipiga magoti akamwokota kwa mikono miwili, yeye ambaye ofisini siku hizi anajua kizoleo tu. Nikasema tumtie kwenye boksi, gizani, wengine huzinduka. Wifi akakimbilia boksi la viatu. Mama Vioo hakulipokea. Alimshika pale pale kifuani mpaka yule ndege akafumba macho, na akaendelea kumshika.

"Bado ana joto," alisema. Kisha akainua uso. "Umemfuta, wifi."

"Nimemfuta nani?"

"Fundi. Vile vilikuwa vidole vyake."

Wifi hakuelewa, ikabidi nimweleze mimi, haraka na vibaya. Aliketi kwenye sakafu iliyolowa akalitazama lile tambara.

"Kaka yangu," alisema. "Nimemsugua kaka yangu kwa sabuni."

Hapo ndipo Mama Vioo alipolia. Alilia kwa sauti mbaya, nzito, ya mtu aliyesahau jinsi ya kulia, na wifi akamkumbatia yeye pamoja na ndege wake. Mimi nililia pia, sina haja ya kuficha.

Tulimzika tetere chini ya mpera. Msimamizi wa ofisini nilimpasulia siku ya kazi kwamba vioo vyake vinaua ndege, na ule ugomvi haujaisha, lakini leo nasimulia ya nyumbani. Mama Vioo alikwenda stoo akatoa kopo la Fundi. Chokaa ilikuwa imekuwa jiwe. Akaivunja kwa mpini wa kijiko, akatia maji, akakoroga.

"Asije akafa mwingine," alisema.

Akachovya vidole, akadonoa kioo mara moja. Alama zilikuwa nyembamba, fupi, zimenyooka zote nne. Alizitazama. Kisha akamgeukia wifi yake, akamshika mkono wa kulia, akaukunjua, akapitisha kidole chake juu ya kile kidole kidogo.

"Paka wewe," alisema.

Wifi alipanda ngazi na kopo, akaanzia juu kabisa. Mimi nilishika ngazi upande mmoja, Mama Vioo upande wa pili. Alama tatu zimenyooka, ya nne imepinda kwa ndani, safu kwa safu. Alipofika katikati ya kioo, Mama Vioo alimwita kutoka chini.

"Zisogeze karibu karibu kidogo, wifi. Fundi hakuwa akiacha nafasi."