Mama Pole, Muuguzi Aliyewaibia Wagonjwa Dawa

Alizaliwa tarehe kumi na saba mwezi wa pili, mtoto wa kwanza wa fundi baruti wa machimbo ya mawe na mkewe mfua nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyojaa nyufa kwa sababu ya mtikisiko wa kila siku saa sita mchana. Alibatizwa akiwa na wiki tatu. Majirani walimjua kwa upole wake na kwa kuimba akichota maji. Tuseme wazi tangu mwanzo, msomaji asije akadai tulimficha: mwanamke huyu, tunayemwita mtumishi wa Mungu bila kulitangulia Kanisa katika hukumu yake, aliwaibia wagonjwa dawa za maumivu kwa miaka sita. Sisi tuliokusanya ushuhuda wa maisha yake tulishtuka, na mshtuko huo haujatutoka.

Alipokuwa na miaka tisa, mama yake alimwachia mdogo wake wa kike wa miaka miwili, akaenda kupeleka nguo kwa mteja. Uani palikuwa na tangi la saruji lililochimbiwa ardhini, la kuhifadhia maji ya mvua, lenye mfuniko wa bati. Binti aliingia ndani kuchukua shuka lililobaki kuanikwa. Alipotoka hakumwona mdogo wake, na mfuniko wa tangi ulikuwa pembeni. Baba ndiye aliyemtoa mtoto majini, amekwisha kufa. Mama aliporudi, alimshika binti mabega, akamwambia maneno mawili tu: "Ulikuwa wapi?" Baada ya maziko hakuna aliyemchapa, hakuna aliyemkumbatia, na hakuna aliyelitaja tena jina la marehemu ndani ya nyumba ile. Picha iliondolewa ukutani. Binti akaacha kuimba. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, walisema wahenga, na mshindo wa kimya hicho ulichukua karibu miaka ishirini kufika.

Wito wake wa kuwahudumia wagonjwa aliupata kanisani akiwa na miaka kumi na mitano, na akiwa na ishirini na mitatu alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Alisifiwa na wote. Zamu ya mwenzake aliyechoka aliifanya yeye, na mtoto aliyelia alimbeba yeye. Aliyemtazama kwa karibu angeona kwamba hakuwahi kukaa chini, kama mtu anayekimbizwa. Kisha akavunjika mfupa wa bega kwa kuteleza kwenye ngazi za hospitali, akadungwa mofini. Akiwa amelala kitandani, lile swali la mama yake, lililokuwa likimrudia kila siku ya maisha yake, lilinyamaza. "Sikuipenda dawa," aliungama baadaye mbele ya watu. "Nilipenda kwamba ilimnyamazisha mama."

Bega lilipona, lakini sindano hakuiacha. Alianza kwa kubakiza matone kwenye kichupa, akaja kuchukua nusu, mwishoni akachukua yote na kujaza maji mahali pake. Uso wake ulibaki mpole vilevile, na hapo ndipo anapoogopesha zaidi. Asubuhi moja ya mwezi wa sita aliletwa seremala aliyesagwa vidole viwili na msumeno wa umeme. Muuguzi alimdunga, daktari akaanza kusafisha kidonda. Seremala akapiga ukelele uliosikika hadi kwenye foleni ya wajawazito. Daktari alidhani ni woga, akaamuru ashikwe. Ndipo muuguzi alipopaza sauti: "Acheni! Nimemdunga maji! Dawa ninayo mimi mwilini!" Koleo lilimwanguka daktari mkononi. Mtu aliyekuwa akiaminiwa kuliko wote chumbani mle alisimama pale, na yule aliyemwibia amelala mbele yake anamtazama.

Alihukumiwa miaka mitatu. Gerezani alipambana na arosto, kama waathirika wanavyouita ugonjwa wa kuikosa dawa: jasho, kutapika, mifupa kuwaka moto. Wiki ya nne aliitwa chumba cha wageni, akamkuta seremala, mkono ukiwa umefungwa bendeji. Alipiga magoti. Seremala akamwambia ainuke, akae kitini.

"Sikuja kukugombeza, dada," alisema. "Nimekuja kuuliza. Umeanza lini kuumwa?"

"Mimi siumwi, kaka. Mimi ni mwizi."

"Mwizi angeiba dawa ya kuuza. Mtu asiyeumwa haibi dawa ya maumivu akajidunga mwenyewe. Unaumwa wapi?"

Askari jela aliyesimama mlangoni anashuhudia kwamba mfungwa alijibu, "Tangini." Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tano alisimulia habari za mdogo wake, na akalitaja jina lake. Seremala alilia. Askari naye aligeukia ukutani.

Alipotoka, paroko alimpa stoo iliyokuwa na mabenchi mabovu. Seremala, kwa vidole vilivyobaki, aliyageuza kuwa viti tisa. Walevi walianza kuja mmoja mmoja, na wavuta unga, na mwalimu mmoja aliyekuwa akimeza vidonge vya usingizi kama karanga. Kila aliyeingia, muuguzi huyu alimwambia "pole" kabla ya salamu. "Pole ya nini, mama? Kwangu hakuna msiba!" alimjibu mchinja nyama mmoja akiyumba. "Basi pole ya kutembea," akasema, "maana naona njia leo ilikuwa pana." Watu wakacheka, na jina la Mama Pole likamganda. Baada ya kicheko alimuuliza kila mtu swali moja: "Kabla ya glasi ya kwanza, kulitokea nini?" Dereva wa lori alikuwa amemgonga baba yake mwenyewe akirudi nyuma uani. Mwalimu alikuwa ameingiliwa na mjomba wake akiwa na miaka saba, na shangazi akamwambia anyamaze, aibu ya nyumba isitoke nje. Waumini waliozoea kuwaita watu hawa mizigo ya jamii walishika vichwa. Si kila aliyejibu alipona. Wanne walirudi kwenye chupa na wawili kati yao wakafa, na Mama Pole aliwaosha kwa mikono yake.

Jaribu kubwa lilimjia mwaka wa tano, siku ya Alhamisi, kiti cha tisa kilipokaliwa na mama yake mzazi. Bibi yule mfua nguo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona na glasi, alitoa kwenye mkoba chupa ya wanga wa nguo. Ndani mlikuwa na pombe kali. Alikuwa akiinywa tangu mwaka wa msiba.

"Mfuniko niliufungua mimi, mwanangu," alisema. "Nilichota maji nikauacha wazi. Nilikuuliza wewe ulikuwa wapi, watu wasije wakaniuliza mimi."

Mama Pole alitoka nje. Hakurudi siku ile wala iliyofuata. Tunaliandika hili kwa sababu wapo wanaodhani watakatifu husamehe kama wanavyopiga chafya. Siku ya tatu alikwenda nyumbani kwa mama yake, akasimama mlangoni. "Mama, pole," alisema. "Na mimi niambie pole. Sijawahi kuambiwa." Mama aliitamka, mara nyingi, hadi sauti ikakauka. Waliishi pamoja miaka minne, na mama alikufa akiwa hanywi.

Akiwa na miaka hamsini na miwili saratani ilimshika mifupa. Watu wa kanisa walitaraji angekataa mofini, iwe sadaka. Daktari yuleyule aliyeangusha koleo alikuja na sindano akiwa anasita. "Choma, daktari," alimwambia. "Maumivu siyo utakatifu. Dawa hii imewekwa kwa ajili ya mfupa. Mimi niliitia kwenye kidonda kisicho chake." Ufunguo wa sanduku la dawa alikaa nao seremala. Alifariki tarehe nne mwezi wa kumi, saa tatu asubuhi.

Dereva wa lori, aliyeshindwa kulala bila pombe kwa miaka kumi na mmoja, anasema alisinzia kando ya jeneza, akalala siku mbili bila kuamka, na tangu hapo hajanywa. Kama ni muujiza, wenye mamlaka wataamua. Sisi tunataka waumini wajue habari za mke wa mchinja nyama. Mumewe alikuwa ameurudia ulevi, na mke huyu kwa miaka mingi alikuwa akivunja chupa na kutukana. Mwezi mmoja baada ya maziko aliweka chakula mezani, akaketi karibu na mumewe, akamuuliza: "Baba watoto, nani alikuumiza?" Mchinja nyama aliweka kijiko chini. Chakula kilipoa, watoto wakaja, wakaondoka, mchana ukaisha, na mke hakuinuka. Magharibi mume akafungua kinywa. Ndugu waumini, kaeni hivyo.