Kompyuta na Slaidi Zangu

Shule niliishia darasa la tatu. Nalisema mapema ili msomaji asidhani nalificha. Kazi ya kupaka slaidi za damu rangi nilijifunza Kibondo, kwenye maabara ya kambi ya wakimbizi, nilikoajiriwa kufagia. Nilifagia huku natazama mikono ya wenye kazi, mwisho wakaniachia nipake mwenyewe. Mwaka 2014, kabla Warundi hawajaanza kumiminika tena, nilikuwa kwenye zahanati ya mtu binafsi pale Kasulu. Kila damu iliyopimwa malaria ilipita mikononi mwangu kwanza.

Mtaalamu wa maabara alikuwa binti wa Tanga, ana miezi michache tu kwetu. Mimi napaka, yeye anasoma kwenye hadubini. Siku moja akafunga kamera ndogo juu ya hadubini, akaiunganisha na kompyuta yake, akaniambia kuna programu itakayohesabu vijidudu yenyewe. Ilikuwa ya bure. Walioitengeneza wameiacha wazi, anayetaka aifungue ndani, aone inavyofanya kazi, airekebishe na kuwapa wenzake. Nikamwambia kitu cha bure kikiharibika hakina mwenyewe. Akacheka, akaendelea kuielekeza: kitone chochote cha zambarau cha ukubwa fulani, kizungushie mstari, kihesabu.

Wiki hiyohiyo akaja mama kutoka kijiji cha Kitanga, mgongoni ana mtoto wa miaka miwili mwenye homa, anapumua mbiombio. Nikapaka slaidi. Kompyuta ikajaza mistari picha nzima, ikatoa hesabu ya malaria kali. Mganga akaandika dripu ya kwinini palepale.

Mdudu wa malaria nilionyeshwa tangu Kibondo, basi nikainama kwenye hadubini nikatazama sana.

"Huyu hana malaria," nikasema.

"Mzee, kompyuta imeona mia nne," akasema binti.

"Imeona rangi. Mdudu ana umbo la pete, na kitone chake chekundu. Hivi ni vumbi."

Akatazama mwenyewe. Kisha akakiri kwamba vumbi hilo yeye naye amekuwa akiliona tangu afike, akawa analiruka tu. Kompyuta haikujua kuruka. Akamwomba mganga angoje kidogo na dripu, akamtoboa mtoto kidole upya, akaniambia nipake mbele yake.

Nikachukua chupa ya rangi, nikaitikisa kwa nguvu kama siku zote. Akanishika mkono.

"Unaitikisa ya nini?"

"Dawa zote za chupa zimeandikwa tikisa kabla ya kutumia. Hayo najua kusoma."

Safari hii hakucheka. "Hiyo ni dawa ya kunywa, mzee. Rangi hii machicha yake hukaa chini. Ukitikisa unayapandisha."

Kule Kibondo nilikuwa napewa rangi iliyokwisha kumiminwa, chupa yenyewe sikuwahi kuishika. Nilipoishika nilifuata nilichokisoma kwenye chupa nyingine, na kwa kuwa sikupenda kuuliza watoto waliosoma, sikuuliza. Miaka mingi hiyo.

Akaichuja rangi kwa karatasi, nikapaka upya. Kompyuta haikuzungushia kitu chochote. Yeye akatafuta kwa macho kwenye hadubini, sehemu moja ya slaidi baada ya nyingine, hakuona mdudu.

Alitaka kwenda yeye kwa mganga. Nikamwambia akae. Nikaenda mimi, nikasema slaidi ya kwanza ilikuwa chafu, niliyeichafua ni mimi, mashine isilaumiwe wala binti asilaumiwe. Mganga akaweka kipimo cha kusikilizia kifuani kwa mtoto, kitu ambacho angekifanya mwanzo kama si ile hesabu. Ilikuwa nimonia. Dripu ikaondolewa haijaingia mshipani, akaandikiwa sindano nyingine.

Mama alikuwa amesikia yote.

"Kwa hiyo baba, hapa mlikuwa mnabahatisha?"

"Mimi nilikuwa nabahatisha," nikamjibu. "Hawa wengine wamesoma."

Akanitazama juu mpaka chini, akamfunga mtoto mgongoni, akamfuata muuguzi kwenye chumba cha sindano.