Miwa ya Bibi Nyuma ya Jiko

Mwezi uliopita nilipita Uyole, kule nyanda za juu zenye baridi, nikanunua miwa iliyomenywa, ikiwa kwenye vifuko vya nailoni. Niliitafuna nikiwa nimesimama, na utamu wake ukanirudisha miaka ya sabini, nilipokuwa msichana wa miaka tisa hivi.

Baba alikuwa amehamishiwa kazi huko kutoka Idodi kwenye joto, na bibi, mama yake, akaja nasi. Baridi ilimtesa. Alishinda jikoni, miguu karibu na moto. Katika mizigo yake alikuwa amefunga pingili za miwa kwenye gunia lililoloweshwa. Chache alizilaza kwenye mfereji kando ya kijito, akazifukia kwa udongo na samadi. Zikachipua vizuri. Kisha Juni umande ukaganda, na asubuhi moja majani yote yakawa kama yameunguzwa.

Jirani yetu, mama wa Kisafwa, alikuja kumpa pole. "Mama, muwa unataka joto," alisema. "Huku maji yapo, jua ndio shida. Na baridi inatuama kule bondeni. Jaribu hapa nyuma ya jiko, ukuta unakinga upepo."

Kesho yake bibi alichimba pale, akapanda pingili tatu zilizobaki kwenye gunia.

Kumwagilia ikawa kazi yangu. "Usiache maji yasimame, mizizi itaoza," alinionya. Miwa ilikua polepole mno. Mwaka ukapita, ikanifika kifuani tu. Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikavunja mmoja na kujificha kuutafuna. Ulikuwa chapwa, kama maji ya mvua. Bibi aliyakuta makapi. Hakunichapa. Alisema tu, "Umeukata bado mtoto," akarudi jikoni, na maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo.

Kiangazi cha pili alinikataza kumwagilia, ili sukari ikolee. Ndipo akakata. Ilikuwa myembamba, pingili fupi fupi. Wa kwanza alimpelekea jirani. Wa pili aliupasua vipande vidogo, maana meno yalibaki machache, akafyonza huku amefumba macho.

"Ya Idodi minene," alisema mwishowe. "Lakini hii ya kwetu mitamu zaidi."

Mama aliacha kusonga ugali. Hakuna aliyewahi kumsikia bibi akiita Uyole "kwetu".

Bibi alizikwa huko huko. Jirani naye hayupo tena, na nyumba ilishabomolewa. Mwanamke aliyejenga upya pale, nilipomuuliza siku ile kuhusu miwa, aliniambia kwa upole kwamba huku ni baridi, miwa haioti. Sikumbishia.