Nimenunua Swichi ya Milango Minane kwa Sababu ya Wifi Yangu

Jamani, leo wivu umenipeleka dukani.

Kila jioni mume wangu hubeba laptopu yake kwenda kwa dada yake, nyumba ya pili kutoka kwetu. Anasema kule mtandao unakimbia, kwetu swichi ya zamani, kile kiboksi cha kuchomekea nyaya za mtandao, inaubana. Siku hizi hata chakula anakula hukohuko.

Wifi yangu huyo! (Namaanisha dada wa mume, siyo intaneti.)

Asubuhi nikaenda Mpanda mjini. Nikamuuliza muuzaji, "Wifi yangu, yule mrefu anayeuza asali ya Ugalla, alichukua swichi gani?"

"Hii ya gigabiti, yenye kasi, ya milango mitano."

"Nipe ya milango minane."

Akaniangalia. "Dada, nyumbani mna vifaa vingapi vya kuchomeka?"

"Viwili."

Akacheka. "Kasi haitokani na wingi wa milango. Hii ya mitano inakutosha kabisa."

Nikachukua ya minane. Nyie, ningekubali tulingane?

Nikafika nyumbani, nachomeka, nachomoa, hakuna kitu. Mume wangu akasema, "Ngoja nimwite dada."

Akaja. Dakika tano tu, video hazikwami tena. Nikamshukuru, nikampa chai, huku roho inaniuma.

Mume wangu anatabasamu tu. "Umeona dada yangu alivyo na akili? Nimemwomba awe anapita kila jioni kutuangalizia."

Yaani nimemleta mpaka sebuleni kwangu, kwa mkono wangu mwenyewe.

Wenye mawifi, nipeni pole hapo chini.