Paa la Trela

Jirani yangu huziba pua kila akisikia harufu ya sifa, mafuta ya papa wanayopaka vyombo vya baharini. Dharau hiyo naijua; niliianza mimi.

Baba, fundi cherehani, alinunua trela kuukuu la Mzungu mpima barabara. Alilala na kushona humo, akivutwa na lori gulio hadi gulio. Paa lilipovuja, babu, aliyezoea kukalafati majahazi, kuziba nyufa zake maji yasiingie, alipanda juu akashindilia pamba iliyolowekwa sifa katika kila kiungo cha bati.

"Babu, hili si jahazi," nikamcheka. Ndiyo kwanza nimeingia sekondari.

"Maji hayajui hilo, mume mwenzangu."

Alipokwenda kuswali alasiri, niliikwangua pamba yote, nikamimina lami niliyookota barabarani. Huo ndio niliouita ufundi wa kisasa.

Baba alikwenda na trela gulio la Msata, ndani mna kanzu za watu za Idi. Jua likayeyusha lami, kisha mvua ikaiteremsha ndani. Alirudi akazitandaza mbele ya babu, zote madoa meusi.

"Baba, umenifedhehesha. Nani atanipa kitambaa tena?"

Babu aliinua kanzu moja, akainusa. Akatazama kucha zangu, nyeusi vilevile.

"Uzee, mwanangu," akamwambia baba. "Nisamehe."

Kesho yake aliigawa nyundo yake, na hakukalafati tena chombo cha mtu. Nami, msomi wa nyumba ile, nilinyamaza mpaka nikawazika wote wawili.